Feni Juu ya Kichwa

Nisameheni mapema, ndugu zangu. Mfano huu nilipewa na fundi mmoja, naye aliusimulia vizuri, mimi nitauharibu. Mnaonaje, wa viti vya nyuma? Kimya. Kawaida yenu.

Alikuwako binti mmoja, mwaka wa tatu chuo cha ufundi, akisomea umeme na mitambo. Siku ya mtihani wa mwisho akawekewa pampu ya maji iliyogoma. Akiiwasha, anapata cheti. Ikimshinda, anarudi kijijini kupandisha ndoo mlimani pamoja na bibi yake.

Karakana ilikuwa na lile joto tamu la saa nane mchana. Jua liliingia dirishani likalala juu ya nyaya za shaba, zikang'aa kama asali. Upepo laini ukampapasa shingoni, naye binti akaelea. Akaona maji yanapanda mlima yenyewe, bila kichwa cha mtu chini yake. Akamwona bibi amekaa kivulini, na ndani ya ile ndoo ameotesha maua.

"Wewe! Huu ni mtihani au umekuja kulala?" mkufunzi akauliza.

"Nipo, mwalimu!"

Akachomoa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka kikikuta umeme. Akagusa waya wa pampu: giza. Swichi: giza. Soketi ya ukutani: giza.

"Mwalimu, pampu haina kosa. Chuo kizima hakina umeme!"

"Una hakika?"

"Testa haina mjomba, mwalimu."

Akanyoosha vidole aushike waya mtupu. Mkufunzi akamdaka mkono kwa nguvu, ndoto zote zikamwagika sakafuni.

"Mama yangu, hebu tazama juu."

Feni ilikuwa inazunguka. Upepo ule wote, mlidhani ulitoka wapi?

"Mwaka wa kwanza niliwafundisha nini?"

Binti akajibu kwa sauti ya sisimizi: "Kabla ya kupima waya, pima testa yako mahali unapojua umeme upo."

"Na hiyo?"

"Kitaa kimeungua, mwalimu."

"Basi umefeli. Utarudia mwakani, kwa kuwa mkono bado unao."

Ndugu zangu, sisi je? Tunapita tukigusa watu. Jirani: giza. Mume: giza. Kwaya: giza totoro! Tunatangaza kwamba nyumba nzima haina Mungu, na huku neema yake inatupepea shingoni. Nani kati yetu alianza kwa kupima kitaa chake mwenyewe?

Nawaambia hasa ninyi wa nyuma, ambao mwaka mzima nawaombea mfufuke, maana hamcheki, hamsemi amina, hata leo hamja... Mzee wa kanisa, unaninyooshea nini kidole? Spika za nyuma? Hazijaunganishwa? Tangu lini?

Eti tangu Pasaka.

Haya, wapendwa wa nyuma. Kumbe marehemu nilikuwa mimi.