Ukurasa Mweupe wa Chuo cha Wakunga

Tulieni niwape kisa cha wajuaji watatu. Siwapendi, nawaambia mapema.

Delfina alikuwa na jicho: akibonyeza vitufe viwili tu, utumbo wote wa ukurasa wa intaneti unamwagika mbele yake. Nkwabi alikuwa na mkono: kuandika tovuti kwake ni kama wewe kumenya ndizi. Zamoyoni alijua njia: jinsi ukurasa unavyosafiri hadi kwenye simu ya mtu, na mahali unapokwama. Watatu hao ndio waliotengeneza tovuti ya chuo kimoja cha wakunga, wakaijaribu kwenye simu zao za bei mbaya, wakapongezana. Mapoyoyo!

Siwema, mfagizi wa zahanati mwenye kisimu cha zamani, akaifungua ili ajaze fomu ya kujiunga. Weupe mtupu. Akapiga chuoni, akaunganishwa na wajuaji wale.

"Dada, nunua simu," Nkwabi akamjibu, na wenzake wakacheka hadi machozi.

Akapiga mara sita. Ya saba, Ijumaa saa tisa alasiri, ikapokewa na mkuu wa chuo mwenyewe, Bi Chausiku.

"Mama, mwakani umri utakuwa umenipita. Nikikosa leo ndiyo basi tena."

Bi Chausiku akaenda kutazama maombi. Mwaka jana mia tatu. Safari hii kumi na moja. Na orodha inafungwa saa kumi na mbili jioni, haisogezwi hata dakika. Akawawekea wajuaji wale simu mezani, Siwema akiwa bado hewani. "Mikataba yenu inaisha mwezi huu, nami nina ajira moja tu. Atakayemfungulia binti huyu ataipata."

Ehe! Kicheko kiliishia wapi?

Delfina akaifanya kompyuta yake ijifanye simu kuukuu, akauona mstari mwekundu unaoonyesha kosa. Kivinjari cha zamani kilikutana na amri ya kisasa kisiyoijua, kikasusa ukurasa mzima.

Nkwabi akaiandika upya amri ile kwa namna ya zamani. "Tayari!" Siwema akafungua. Weupe uleule. "Basi ana lake huyo," Nkwabi akasema, hana hata haya.

Zamoyoni akasonya. "Simu yake imeng'ang'ania faili la zamani ililolihifadhi." Akalibadilisha faili jina, simu ikalazimika kulivuta upya.

Saa kumi na mbili kasoro robo Siwema akapiga kelele, "Fomu hiyo!" Akajaza, akatuma, ikapokewa.

Mnadhani walimpongeza? Thubutu!

"Bila jicho langu mngekuwa bado mnapapasa," akasema Delfina.

"Ungeutazama huo mstari wako hadi kesho," akajibu Nkwabi.

"Na hiyo kazi yako ingeozea humuhumu ofisini," akadakia Zamoyoni.

Bi Chausiku akamuuliza Siwema ni nani aliyemfungulia.

"Sijui, mama. Mimi nimeona tu ukurasa umekuja."

Saa kumi na mbili na dakika mbili simu ikaita tena. Msichana mwingine. "Samahani, ule ukurasa wenu mweupe umefunguka, ila unaniambia muda umekwisha. Nifanyeje?" Wale watatu hata hawakumsikia, walikuwa bado wanagombana.

Bi Chausiku ameishika barua ya ajira, haina jina, na ahadi alishaitoa mbele ya watu. Haya, nyinyi mnaocheka hapo: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani? Au barua mngeichana?