Miiba ya Bi Nungu

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Mmechoka?

Tumechoka!

Basi tuko sawa. Sogezeni kuni, mtu asiupe moto mgongo, nami niwatolee ya Bi Nungu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kusikilizana, ingawa kusikilizana kulikuwa shida hata enzi hizo, alikuwako nungunungu mmoja, Bi Nungu, na mumewe, na binti yao mdogo, Tunu. Waliishi katika shimo chini ya kilima, shimo dogo la kuwatosha.

Siku moja mume akaenda kuchimba mihogo, Chui akamkamata. Habari ilipomfika Bi Nungu, miiba yote mgongoni ikasimama, wima, kama mishale. Wanyama wakaja kwenye matanga, wakalia, wakala, wakala tena. Kisha matanga yakaanuliwa na kila mtu akaenda kwake.

Bi Nungu naye akataka kuingia kwake. Akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, miiba ikakwama mlangoni. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Ikakwama. Miiba ilikuwa imegoma kulala.

Basi akawa anashinda nje na kulala nje. Tunu alimwogopa Chui, hakuthubutu kutoka. Mama akisukuma mhogo ndani kwa pua, mtoto anausukuma nje.

"Mama, ingia tule."

"Mwanangu, miiba haitaki."

"Basi na mimi sitaki."

Tunu akakonda, akakonda, akawa macho na masikio tu. Na masika yalikuwa yanakaribia.

Bi Nungu akaenda kwa Tembo, mkuu wa msitu. Mlangoni alisimama Nyati.

"Mzee yuko kikaoni."

"Na nani?"

"Peke yake. Kikao kigumu sana."

Akangoja mpaka jua likageuka. Alipoitwa ndani, Tembo alimsikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatamka: "Matanga yalikwisha anuliwa. Baraza hili haliutambui msiba uliopitwa na muda wake. Miiba ishuke mara moja!"

"Hata mimi sikuutambua, Mzee," Bi Nungu akasema. "Ulikuja wenyewe."

Wakaitazama miiba. Haikushuka. Tembo akasema utekelezaji si kazi yake, yeye ni wa kutamka.

Bi Nungu akarudi nyumbani. Akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, yakakwama.

"Mama, ingia tule."

"Mwanangu, miiba haitaki."

Akaenda kwa Fisi, mganga. Fisi akamzunguka, akacheka, maana Fisi hucheka hata pasipo na la kuchekesha. "Hii ni ya kung'oa tu, Mama. Uma ulimi."

Akang'oa mmoja, akang'oa wa pili, akang'oa mpaka mgongo ukawa uwanja, na Bi Nungu akalia kilio ambacho hata kwenye matanga hakukilia. Lakini kabla hajafika nyumbani miiba mingine ilikuwa imekwisha ota, mirefu kuliko ile ya kwanza, na yenye hasira. Akarudi kwa Fisi.

"Dawa imekubali," Fisi akasema. "Mgonjwa ndiye aliyekataa."

"Mama, ingia tule," mtoto akaita mama aliporudi nyumbani, na sauti ilikuwa imepungua.

"Mwanangu, miiba haitaki."

Akaenda kwa Kasuku, aliyekuwa akizunguka kwenye misiba yote kufariji wafiwa.

"Jikaze!" akasema Kasuku.

"Nimejikaza, ndugu yangu."

"Jikaze zaidi!"

Akajikaza. Akabana meno, akabana tumbo, akabana moyo. Na nyie mnamjua nungunungu: akijikaza, miiba ndiyo husimama. Ikasimama mpaka ile mifupi ya shingoni, ambayo tangu azaliwe haijawahi kusimama.

"Umeona?" Kasuku akasema. "Sasa unapendeza."

Akarudi nyumbani amechoka. Amechoka miguu, amechoka masikio, amechoka kuelezwa. Alasiri hiyo mvua ikaanza, ile nene, na maji yakaanza kuteremka kilimani.

"Mama, ingia," Tunu akasema. Safari hii hakutaja kula.

Bi Nungu akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, yakakwama. Hakuwa tena na nguvu za kurudi nyuma, akabaki palepale, uzito wote mlangoni. Bonge la udongo likaanguka.

Akalitazama. Msitu mzima ameuzunguka akitafuta wa kuilaza miiba, na mlango hajaugusa hata kwa ukucha.

Akaanza kuparura. Ndani, Tunu akasikia, naye akaparura kwa vikucha vyake. Mama alichimba, akalia, akapumzika. Akachimba, akalia, akapumzika. Mhanga, mchimba mashimo aliyekuwa rafiki wa marehemu, akapita na kusimama kwenye mvua.

"Shemeji, nikusaidie nini?"

"Nisaidie kutoniambia neno."

Mhanga akafunga mdomo, akawa anazoa udongo na kuutupa mbali. Akachimba pia mfereji wa kuyapeleka maji pembeni, yasiingie. Walipomaliza akaondoka bila kuaga, kama alivyoombwa.

Bi Nungu akaingia kwake na miiba yake yote wima. Tunu akamzunguka akitafuta pa kukaa, huku panachoma, huku panachoma, mpaka akajipenyeza chini. Tumboni hapakuwa na mwiba hata mmoja. Akalala hapo, akala mhogo, akaomba mwingine.

Mvua zilipoisha Nyati akaja kuukagua mlango. "Nani aliruhusu upanuliwe?"

"Mvua," akasema Bi Nungu.

Nyati akaenda kumtafuta Mvua athibitishe. Hajarudi mpaka leo.

Na miiba? Siku moja Bi Nungu alikuwa akimkaripia Tunu kwa kumwaga maji, mmoja ukalala. Hakumwambia mtu. Baadaye ukalala mwingine. Zikija siku za mihogo kukomaa, yote husimama tena, naye hupita mlangoni pake taratibu, akaingia. Ndiyo maana miiba ya nungunungu husimama na kulala, husimama na kulala, na shimo lake ni pana kuliko mwili wake.

Basi wenzangu, mwenye msiba asingoje apone ndipo aingie kwake. Aingie nao, ukuta ndio usogee. Na wewe jirani, ukikosa la kusema, koleo lipo.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwafaa, ni yenu. Ikiwachosha, nirudishieni taratibu, maana mimi nilichoka kabla yenu.