Pimbi Aliyeziba Mlango kwa Miiba

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Anayeogopa amshike mwenzake mkono, maana ngano hii ina kucha na ina meno.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisali kwa sauti, palikuwa na kilima cha mawe matupu. Katika mawe hayo waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Mnene, mdogo kama sungura, hana mkia. Mchana huota jua juu ya jiwe. Akiona hatari, huyoo, pangoni.

Kati yao alikuwapo pimbi mmoja jike, jina lake Nyamizi. Mume wake aliitwa Luhende, na watoto wao wawili ni Kabula na Limi. Nyamizi alikuwa na kicheko. Akicheka yeye, kilima kizima kilicheka.

Mwaka mmoja mvua za kwanza ziliponyesha, pimbi wote walitoka kumshukuru Mungu. Waliimba. Walicheza. Luhende aliimba amefumba macho. Nyamizi alimtazama, akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Vuuu.

Kivuli kilipita juu ya jiwe. Kivuli cha Tai. Pimbi wote wakatimka. Luhende hakufumbua macho kwa wakati. Nyamizi alipotazama tena, jiwe lilikuwa tupu.

Majirani walikaa naye matanga. Walilia naye, wakamwombea. Siku zikapita, wakarudi kwenye malisho yao. Nyamizi hakurudi. Alijiambia jambo moja moyoni, akalirudia, akalirudia, mpaka likawa kweli kwake: kicheko changu ndicho kilichomwita Tai. Ningenyamaza, Luhende angekuwa hai.

Tangu siku hiyo hakucheka. Watoto wakicheka, aliwaziba midomo. Akaenda akang'ata matawi ya miiba, akayakokota moja moja, kwaru, kwaru, akaziba nayo mlango wa pango lake. Aliacha tundu dogo la kupita yeye. Alfajiri alichomoka, akang'oa majani mawili matatu, akarudi mbio na moyo unadunda, du, du, du. Kiangazi kikaja. Majani yakawa haba. Watoto wakakonda, manyoya yakawapukutika. Na sala ya Nyamizi, ambayo zamani ilikuwa ndefu, ikabaki neno moja. Asubuhi, nifiche. Jioni, nifiche.

Jirani yake Minza alikuja, akasimama nje ya miiba. Minza naye alikuwa amefiwa. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na fisi. Minza alimsihi Nyamizi awatoe watoto, japo waote jua kidogo.

"Jua lina kivuli," Nyamizi akasema kutoka ndani. "Na kivuli kina kucha."

"Mwenzangu, najua. Mimi mwanangu ninamlilia mpaka leo. Lakini Mungu niliyemlilia msibani ndiye huyo huyo ninayemwimbia majani yakiota. Sina Mungu wa kiangazi na mwingine wa masika."

Nyamizi alimwambia aende zake, asije tena kuongea kwa sauti mlangoni pake. Minza akaenda. Hakununa, ila alitembea polepole, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine.

Basi, masika yakarudi. Shwaaa, siku ya kwanza. Shwaaa, siku ya pili. Siku ya tatu majani mabichi yalichomoza kati ya mawe, na pimbi wote walikuwa nje asubuhi, wanakula na kuimba mvuani. Nyamizi alikuwa ndani na wanawe, gizani.

Sasa sikilizeni. Chini ya kilima palikuwa na kichuguu, na ndani ya kichuguu aliishi Swila, nyoka anayetanua shingo. Maji yaliingia kichuguuni, yakajaa. Swila akatafuta pakavu. Akapanda katika ufa wa jiwe, taratibu, taratibu, mpaka nyuma ya pango la Nyamizi.

Limi ndiye aliyesikia kwanza. Akasema, "Mama, ukuta unapumua."

Ssss.

Nyamizi akageuka. Aliona macho mawili. Aliona shingo inatanuka. Akawasukuma watoto mlangoni, lakini tundu halikuwapo. Tope la mvua lilikuwa limeporomoka na kuyashikamanisha matawi. Akasukuma kwa bega, miiba ikamchoma. Akasukuma kwa kichwa, miiba ikamchoma.

Swila hakuwa na haraka. "Nyumba yako nzuri," akasema. "Hakuna anayeingia. Hakuna anayetoka."

Nyamizi akasimama katikati, watoto nyuma yake, nyoka mbele yake. Tangu Luhende aende, hakuwahi kupaza sauti, kwa kuogopa Tai. Sasa akaipaza. Wala hakusema nifiche.

"Mungu wangu, nitoe."

Sauti ilipita kwenye miiba, ikapita kwenye mvua. Minza akaisikia. Akatupa majani aliyokuwa akitafuna, akakimbia, na wengine wakamfuata. Wakaishika ile miiba kwa meno, wakavuta. Midomo ikatoka damu. Wakavuta tena.

Vuuu.

Hakuna aliyekuwa ameachwa kulinda. Tai alikuwa juu yao. Wote wakatimka, isipokuwa Minza. Jino lake lilikuwa limenasa kwenye tawi, naye alikuwa ameshasikia watoto wanalia ndani. Akafumba macho, akainama, tawi la miiba likamlalia mgongoni.

Tai akashuka. Puu! Kucha zake zikafumba, lakini hazikufumba juu ya nyama. Zilifumba juu ya miiba. Akapiga mbawa ainuke, na tawi likamfuata, na tawi likavuta tawi lenzake, kwaruuu, matope na yote, mpaka mlango mzima ukawa wazi.

Nyamizi aliona mwanga. Akamtupa nje Kabula. Akamtupa nje Limi. Akaruka mwenyewe, na nyuma yake Swila akagonga, ta! Meno yake yaligonga jiwe. Wakakimbia wote wanne, wakajibanza chini ya mwamba mwingine. Huko juu Tai alihangaika na miiba iliyomchoma nyayo, akaiangusha, akaenda zake na njaa yake.

Wakahema. Kisha Minza akajipapasa mdomo.

"Jino langu limepaa na Tai," akasema.

Nyamizi akacheka. Kicheko kilimtoka tu. Papo hapo akajiziba mdomo, akatazama mbinguni, akangoja. Mbinguni palikuwa na mvua tu. Akacheka tena, akalia, akacheka na kulia pamoja, hata Limi akamwuliza anafanya lipi.

Hakurudi katika lile pango. Swila alilichukua. Nyamizi na wanawe walihamia kwa Minza, na watoto wakanenepa.

Je, Tai alikoma? Hakukoma. Sitawadanganya. Mwezi uliofuata alirudi, akamchukua pimbi mmoja wa mwamba wa jirani, baba mwenye watoto. Siku hiyo Nyamizi alitetemeka mpaka jioni. Asubuhi akaenda kwa mjane wake yule baba. Hakumwambia usilie. Hakumwambia jifiche. Alikaa naye, akalia naye, akaomba naye siku saba. Siku ya nane akamgusa bega, akamwambia majani yameota upande wa mawio. Wakatoka pamoja, mmoja anatazama juu, mwingine anakula, kisha wakapokezana.

Basi, funzo ndilo hili. Msiba una majira yake, na furaha ina majira yake, na Mungu hamkimbii kiumbe wake katika majira yoyote. Kuogopa si dhambi. Lakini anayeziba mlango ili huzuni isiingie, huuzibia na msaada pia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama kuna aliyefiwa mwaka huu na yuko ndani peke yake, kesho mwende mkambishie hodi.