Chenso Ambayo Hakuna Aliyeisikia

Huko Njombe alikuwapo tajiri wa mbao, Luvanda, ambaye alichoazima hakikurudi. Kila msimu wa kukata miti ya misindano aliingia kwa fundi mmoja na kuondoka na msumeno wa mashine, ile chenso. Aliyemnyima hakukanyaga tena msitu wake.

Zamu ilipomfikia Kahwili, aliyelisha wanawe kwa kupasua mbao, Luvanda alikuta chenso mbili barazani: Radi, inayosifiwa redioni kutwa, na Komba, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Naazima moja," alisema.

"Tajiri, chukua Komba," Kahwili alisihi. "Ni nyepesi, hainywi mafuta, inawaka kwa mvuto mmoja. Radi niachie, nakuomba."

Akavuta kamba. Komba ikanguruma papo hapo.

"Kelele za debe!" Luvanda alicheka. "Ingekuwa nzuri, si ningeisikia redioni?"

"Basi niiwashe na Radi, ulinganishe."

"Radi haijaribiwi, bwana mdogo. Kila mtu anaijua." Akaipakia garini na kuondoka akipiga mluzi, huku Kahwili akimsindikiza kwa uso wa msiba.

Kesho yake alirudi akitweta kwa hasira. Alikuwa amefungua Radi na kukuta ndani hamna injini, ila jiwe lililoviringishiwa gunia.

"Umenidanganya, Kahwili!"

"Mimi, tajiri? Komba niliisifia, na yote ni kweli. Radi sikuisifia hata kidogo. Nilikuomba tu uiache."