Mgeni Aliyeonyeshwa Shamba Zuri

Asumini ndiye aliyemwambia kwanza wifi yake, Somoe, kwamba watu wa chuo kikuu wamerudi. "Fagia uwanja, wifi. Yule daktari wa mihogo yuko kwa mwenyekiti."

Somoe huyu alikuwa na mashamba mawili ya muhogo. La kando ya barabara lilikuwa zima. La nyuma ya kilima, ambalo ndilo kubwa, lilikuwa na majani mabichi ya kupendeza, lakini ukiung'oa muhogo unaukuta umeoza ndani, hata mbuzi anaukataa. Na pingili za kupanda mvua zijazo zilikuwa za huko huko. Akizipanda tena, watoto wake watakula nini? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo, wala hakumwambia mtu.

Mara ya kwanza Daktari Tusekile alipokuja, kijiji kizima kilimpokea kwa adabu. Mgeni haonyeshwi chungu kilichovunjika. Walimpeleka mashamba ya barabarani, wakamchemshia mihogo mitamu, wakamfungia na ya safari. Naye hakuuliza zaidi. Alipima, akashukuru, akaenda zake.

Sasa, kwenye mkutano wa kijiji, alisimama mbele yao akawaeleza alichokipata: kijiji hiki hakina ugonjwa wa mihogo, kwa hiyo pingili safi za mbegu zimepelekwa kwingine.

Kisha Bibi Ajaba, mkongwe wa kijiji, akaangua kicheko. "Mwanangu! Kumbe ulipima takrima yetu!"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka mpaka akafuta machozi. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikuja na maswali yangu, sikuuliza yenu. Lakini nanyi jamani, mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi huu mwaka wa tatu tangu nije, bado mnanipa kiti!"

Vigelegele vikapigwa. Somoe, ambaye hajawahi kufungua kinywa mkutanoni, akajikuta amesimama, mtoto mgongoni.

"Shamba langu la nyuma ya kilima limeoza," alisema. Kisha kwa sauti zaidi: "Lote."

"Na langu!" mtu akadakia nyuma.

"Langu mimi hata panya wamelihama!"

Wakashindana kutaja uozo kama watu wanaoshindana kutaja mavuno, na kila aliyetaja alikaa chini akiwa mwepesi. Daktari akaahidi kwamba yatakayoonekana safari hii yatasomwa hapa kwanza, mbele yao, kabla hayajasomwa chuoni.

Mgeni huonyeshwa panapopendeza. Ndugu huonyeshwa panapouma. Wewe unayekwenda kwa watu kutafuta elimu, wamekuonyesha wapi?

Asubuhi yake Somoe alilipita shamba la barabarani bila kusimama, Daktari nyuma yake na jembe begani. Wakapanda kilima, wakashuka upande wa pili, na Somoe akaushika muhogo wa kwanza, akaung'oa kwa mikono yake mwenyewe.