Kwa Nini Kanisa Letu Halina Mlango

Mmenitoa jikoni, maharage yangu yanaungua, eti niwaeleze kwa nini kanisa halina mlango. Na mbao mmeshanunua! Kamati gani hii, inanunua kwanza halafu ndiyo inauliza? Haya, kaeni. Mtu asinikatize.

Zamani mlango ulikuwepo, wa mninga, na komeo lake kwa nje la kuzuia mbuzi. Paa ndilo lilikuwa la nyasi, linavuja mpaka altareni. Siku hizo jumbe alikuwa na kwake na Mungu ana kwake. Askari wa jumbe wakimfukuza mtu, akishavuka kizingiti cha kanisa waliishia nje wakitukana, wakarudi zao. Haikuandikwa popote. Ilijulikana tu.

Ikaja serikali kutaka watu wa kuchimba barabara ng'ambo ya mlima. Kazi ya bure, na watu walikuwa wanafia huko. Wanaume wakahamia porini, wakawa wanashuka Jumapili tu, kwa sababu kanisani hawakamatwi. Baba yangu, Kosmasi, alishuka Jumapili moja kuniona. Nilikuwa na siku tisa. Msinionee huruma, nimeshazeeka.

Padre alikuwa anakuja kwa nadra, kwa hiyo sala alituongozea katekista, Mwalimu Ladislausi. Jumbe akamwendea: "Mwalimu, nisaidie kazi ya serikali, nami nitakuezekea kanisa kwa mabati." Mjinga yule akafurahi! Akajiambia anamfanyia Mungu kazi. Jumapili hiyo akasema, "Ndugu zangu, tufumbe macho, tuiombee serikali yetu." Watu wakafumba. Yeye akanyata mpaka nje, akatia komeo.

Waliokuja kufungua walikuwa askari, na kamba mikononi. Baba hakurudi. Wengi hawakurudi.

Mabati yakaja, yakang'aa. Mama yangu, Apolonia, akaenda kanisani na shoka, mchana kweupe.

"Apolonia! Hiyo ni mali ya kanisa!" Mwalimu akapiga kelele.

"Kanisa liko wapi hapa? Nionyeshe!"

Akaung'oa mlango, akaupasua kuni, akapikia. Wanawake wote wakaapa kwamba hautatiwa mwingine.

Mwaka wa pili barabara ikataka watu tena. Safari hii akatajwa Anselmi, mtoto pekee wa Mwalimu. Akakimbilia kanisani, akaikumbatia altare. Baba yake akasimama pale ulipokuwa mlango, mikono kaitandaza.

"Hapa ni nyumba ya Mungu!"

"Tunaijua," askari wakacheka. "Si wewe uliyetukaribisha?"

Wakampita kama wanapita kichuguu.

Na mpaka leo kanisa letu liko wazi, mbuzi wanaingia wanavyotaka, na ikifika zamu ya kuiombea serikali, sisi tunaomba macho yakiwa wazi. Mwambieni padre wenu hivyo. Mbao hizo tengenezeeni mabenchi.

Mwalimu alibaki na mabati yake. Mvua ikinyesha yalikuwa yanapiga kelele hata sala yake mwenyewe asiisikie. Na barabara ilipokwisha, jumbe alimwita aende akamchukue Anselmi. Akamkuta amezungushiwa blanketi la serikali mpaka usoni, amefungwa kwa kamba ileile. Hakuna mwanaume aliyekubali kumsaidia. Alimbeba mgongoni, peke yake, mlima mzima.