Shina Lililosimama Kijani

Ilikuwa Jumatano, wapendwa, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Machi, saa mbili na nusu asubuhi. Binti mmoja, mtaalamu wa mbegu, alifungua lango la shamba lake la majaribio akakuta kilio.

Mnaolima nyanya mnaujua ugonjwa wa rasta. Inzi weupe, wadogo kama chembe za unga, hunyonya mmea mgonjwa kisha wakahamia mzima. Majani hujikunja, kingo zake zikawa njano, shina likadumaa, maua yakapukutika. Dawa ya kuuponya hakuna. Binti huyu alikuwa amechavusha nyanya ya kienyeji kwa nyanya mwitu, ua kwa ua, kwa kibano, akitafuta mbegu ambayo rasta haitaiweza. Na asubuhi ile, katikati ya mashina yaliyojikunja yote, moja lilikuwa limesimama kijani, limebeba matunda.

Hakurukaruka. Alikuwa mtu wa wasiwasi, mtu wa kurudi nyumbani kuhakikisha kama amefunga mlango. Alipiga magoti akageuza jani moja baada ya jingine, juu na chini. Hakuona doa. Akatunza mbegu zake, akazipanda, akachagua, akapanda tena, hata akapata ploti nzima ya kijani, iliyogusa ua wa jirani yake, bibi mmoja mjane. Bibi huyo alikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi, na kilichomlisha yeye na wajukuu wake ni nyanya za hapo.

Siku moja bibi akaita kutoka upande wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyanya zako zimesoma, mwanangu. Zangu hata darasa la saba hazikufika."

"Bibi nawe!"

"Usicheke. Pita huku uone."

Akapita, akaona. Nusu ya shamba ilikuwa imejikunja.

"Bibi, umepanda mbegu ya kukamua mwenyewe kwenye nyanya zako?"

"Kama kila mwaka."

"Na haya magugu pembeni? Hii ndiyo nyumba ya inzi. Si nilikuambia?"

"Uliniambia, nikapalilia, mgongo ukaniuma siku mbili, yakaota tena. Sikiliza, mwanangu. Rasta si mgeni kwetu. Huja ikashika shina hapa, shina pale. Linakufa, tunang'oa, yanayobaki tunakula. Mwaka huu imeingia kama moto wa kiangazi. Na imeanzia huku, kwenye ua wako."

"Kwangu hakuna ugonjwa, bibi. Mzima atamwambukizaje mtu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuita wewe uliyesoma."

Wapendwa, nanyi nawauliza: mzima atamwambukizaje mtu?

Binti alirudi kwake ameudhika, lakini swali lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Wakulima wa bonde zima walikuwa wameahidiwa mbegu yake. Akasema, nitalipima neno la bibi ili ugomvi wake uishe. Akaotesha miche ya mbegu ya bibi ndani ya kizimba cha wavu, mahali ambapo inzi hapenyi. Ilipokua, akakata ncha za mashina yake mazuri ya kijani, akazitazama vizuri asije akaingia na inzi, akazibebesha juu ya miche ile kwa wembe na kamba laini, utomvu wa mmoja upite kwa mwingine. Kisha akangoja.

Jioni ya kuamkia siku ya kugawa mbegu, aliingia kizimbani. Zile ncha zake zilikuwa kijani bado, nzuri kama siku alipozikata. Chini yake, miche ya bibi ilikuwa imejikunja yote.

Alikaa chini, mle mle kwenye udongo.

Je, mmeelewa alichokiona? Nyanya yake haikuwa imeushinda ugonjwa. Ilikuwa imejaa ugonjwa mpaka kwenye ncha, ila ilikuwa na mwili wa kuubeba bila kuonyesha. Shina la bibi likiugua linakufa, na inzi anakosa pa kunyonya. Hili la kwake lilisimama miezi yote, limenawiri, likiwalisha inzi sumu na kuwatuma ng'ambo ya ua.

Na sisi je? Sisi tunajikagua majani. "Mimi pombe hainisumbui, kesho yake nipo kazini." Sawa, baba. Na kijana wako anayekutazama, naye amepewa mwili kama wako? Umemtolea jirani neno baya, ukaenda ukalala fofofo. Aliyetolewa neno amelala? Tunasema Mungu ametubariki, mbona tumesimama, mbona tumebeba matunda. Halafu akianguka mtu karibu yetu tunamuuliza kama alipalilia! Ndugu zangu, kunawiri kwako si ushahidi. Muulize anayepakana nawe.

Jioni ile binti alifikiri mabaya, sitawaficha. Nani angejua? Atakayepanda mbegu ile angevuna, angeshukuru. Wangelia wale wasioipata, nao wangeambiwa, kama bibi alivyoambiwa, kwamba hawakupalilia. Angeweza kunyamaza na bonde zima likamsifu.

Asubuhi yake wakulima walifika na makopo yao, wakaimba kidogo langoni. Bibi alikuwa miongoni mwao, kwani naye alitaka mbegu. Binti alitoka, macho yamevimba, akamwendea bibi kwanza kabla ya wengine wote.

"Bibi, rasta ilitoka kwangu."

Bibi akauliza, "Na shamba langu?"

"Halitarudi, bibi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Sasa sisi tumekuja kufanya nini hapa?" Binti aligeuka. Aliingia kwenye ploti yake, iliyokuwa kijani kuliko kitu chochote bondeni, nyanya zimeanza kuiva, akachagua shina lililobeba kuliko yote, akalishika chini kabisa kwa mikono miwili, akaling'oa.